Kichwa cha Perege

Hapa Mwika bado wako watu wanaosema kwamba mama mkwe wangu, Lukresia, alikufa amesuswa na mwanawe wa mwisho kwa sababu ya samaki. Wanaosema hivyo hawakuwamo ndani ya nyumba ile. Mimi nilikuwamo. Niliolewa na mwanawe wa kwanza, Wenseslaus, na baada ya kufiwa niliendelea kuishi kwenye kihamba kilekile, shamba la urithi la familia, nyumba yangu ikiwa chini ya mfereji na yake juu, tukitenganishwa na migomba na mibuni. Naandika ili wajukuu wa Mzee Sirili wajue mambo yalivyokuwa, wasije wakasimuliwa na watu wa sokoni.

Lukresia alizaliwa Kilema, akaletwa Mwika akiwa msichana kuolewa na Sirili, aliyekuwa katekista. Hakusoma shule, lakini katekisimu aliijua yote kwa moyo, na akimsikia mtoto anakosea swali alimsahihisha bila kuacha kumenya ndizi. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye mwendo wa polepole. Hakuwahi kuchelewa kanisani. Kahawa yake haikuwahi kuonekana na magugu. Kama kulikuwa na nyumba iliyotolewa mfano kwenye vigango vyetu, ilikuwa nyumba yake, na mimi nilipokuja pale kama bibi harusi, mwalimu mwenye cheti, niliona kwamba nimeingia mahali panaponifaa.

Mzee Sirili alifariki kabla ya Uhuru. Mabinti waliolewa Kilema na Kibosho. Mume wangu Wenseslaus alifariki mwaka 1968, na Mungu hakutujalia wana wa kiume, ila binti yetu Valeria, ambaye alikuwa akisoma shule ya bweni. Aliyebaki ni Emilian, mtoto wa mwisho. Kwetu mtoto wa mwisho ndiye anayebaki na wazazi. Wakubwa hugawiwa vihamba vyao wakajenge. Yeye hurithi nyumba ya mama, moto wa mama na uzee wa mama. Hilo halisemwi, linajulikana tu, kama inavyojulikana ni upande gani wa nyumba ng'ombe analala.

Lakini Emilian alikuwa amepata kazi mbali. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilipojaa kule chini tambarare, watu walimiminika kutoka pande zote kuvua perege, na serikali ikahitaji makarani wa kusimamia mizani. Emilian alikaa huko kwenye jua na mbu, akaoa huko. Mke wake, Theopista, alitoka Ukerewe. Alikuwa amemfuata kaka yake mvuvi. Walifunga ndoa kanisani, mbele ya padre. Nalisema hilo kwa sababu lilisemwa vingine.

Wazee wetu wa mlimani hawakula samaki. Hawakumchukia, ila hawakumhesabu kuwa chakula. Kambare walimwita nyoka wa maji, na perege walimwona ndugu yake kambare. Mapadre walitufundisha kwamba siku ya Ijumaa nyama imekatazwa na samaki ameruhusiwa. Watu waliitikia amina, wakaenda nyumbani kupika maharage.

Krismasi ya mwaka 1970 Emilian alimleta mke wake nyumbani kwa mara ya kwanza. Theopista alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti kubwa kidogo kama watu waliozoea kuitana majini. Alileta perege wabichi, amewafunga kwenye gunia lililoloweshwa, na alitaka kumpikia mama mkwe wake kwa mikono yake mwenyewe, kama inavyompasa bibi harusi. Akakaa karibu na mafiga, akaparua magamba palepale ndani. Magamba yaliruka mpaka kwenye kibuyu cha maziwa. Halafu akanyoosha mkono akachukua chungu kilichokuwa karibu. Hakujua kwamba kilikuwa chungu cha kiburu, ndizi na maharage vinavyopikwa pamoja, chungu ambacho Mzee Sirili alikinunua kutoka kwa wanawake wa Kipare waliokuwa wakipandisha vyungu mpaka soko la Mwika. Lukresia alikuwa amekipikia wanawe wote.

Alikaa kwenye kigoda chake na rozari mkononi. Samaki walipoiva alimshukuru mkwewe, akasema tumbo lake si zuri, akala ndizi mbivu moja. Emilian alikula. Mimi pia nilikula, kwa sababu kwenye shule ya Masista tulipewa samaki na ninamjua samaki aliyepikwa vizuri. Wale walipikwa vizuri.

Asubuhi yake, Theopista alipotoka nje kunawa uso, alikiona chungu kwenye banda la kuku. Kilikuwa kimejazwa maji na kuku walikuwa wakinywa.

Sidhani Lukresia alitaka kumuumiza mtu. Kwake chungu kile kilikuwa kimeshatoka kwenye vyungu vya jikoni, kama nguo iliyotatuka inavyotoka kwenye nguo za kanisani, naye akakitafutia kazi nyingine. Hakufikiri kwamba kuna wa kukitazama. Theopista alisimama pale, taulo begani, akatazama kuku mmoja akiinua kichwa, kumeza na kuinama tena. Halafu akaingia ndani kufunga mizigo yake.

Emilian alimuuliza mama yake kwa nini. Akajibu kwamba chungu ni udongo tu.

"Kama ni udongo tu, mbona kiko kwa kuku?" Emilian akasema. Mama yake akainama kusukuma kuni. Emilian alisubiri, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mama, siku mke wangu atakapokula kwenye chungu chako, ndipo utakaponiona."

Wakateremka kushika basi la Himo. Mbuzi aliyekuwa amefungwa kwa ajili ya mgeni alibaki amefungwa pale kwenye mgomba, akilia.

Tangu siku hiyo Lukresia aliishi na maneno yale. Mimi nilikuwa shuleni mchana kutwa, na jioni nilipopanda kumwamkia nilimkuta ameketi mlangoni akitazama njia inayotoka barabarani. Alimenya ndizi nyingi kama za familia nzima, akapika sehemu ndogo, zilizobaki akampa ng'ombe. Nikimwambia amenye chache, alisema mkono wake haujui chache. Aliongea na ng'ombe. Nilimsikia mara nyingi kabla sijafika kwenye kona ya nyumba, akimweleza habari za mvua na za jirani, na nilipotokea alinyamaza.

Krismasi iliyofuata magari yalipanda kutoka Moshi na Arusha na Dar es Salaam, kila nyumba ikapokea watu wake, na harufu ya nyama choma ikajaa migombani. Yeye alivaa vizuri, akaenda kanisani, akarudi. Mabinti walikuja siku moja na kuondoka na waume zao. Mtoto wa mwisho hakuonekana, na watu waliona.

Mwaka 1972 alianza kwenda soko la Himo. Nilidhani anauza ndizi kule kwa kuwa bei ni nzuri zaidi. Baadaye nilisimuliwa na mwanamke mmoja muuza samaki, Margareta, jinsi mambo yalivyokuwa. Margareta alikuwa akileta perege kutoka bwawani kwenye tenga, wamefunikwa kwa majani mabichi, na wanawake wa mlimani walikuwa wakipita mbele yake wameziba pua na upande wa kanga. Siku moja mmoja wao alisimama.

"Shikamoo mama. Leo umepotea njia?" Margareta alimtania.

"Marahaba. Wewe unatoka Nyumba ya Mungu?"

"Natoka huko, narudi huko."

"Unamfahamu karani mmoja wa mizani, Emilian?"

"Huyo nani asiyemfahamu. Mke wake ni jirani yangu. Amejifungua juzijuzi, mtoto wa kike. Wamemwita Lukresia. Nikawaambia jina lenyewe zito kuliko mtoto."

Mama yule hakusema kwamba jina ni lake. Alionyesha kwa kidole tenga la samaki, akasema apewe mmoja. Margareta akamuuliza kama anajua kumtengeneza. Akajibu kwamba amechinjiwa mbuzi maisha yake yote na ameona kila kitu.

Nilirudi kutoka shuleni siku hiyo nikamkuta nyuma ya banda la ng'ombe. Alikuwa amemfunga perege mkia kwa kamba ya mgomba, akamning'iniza kwenye tawi la mparachichi, kichwa chini, vile mbuzi anavyoning'inizwa. Alikuwa amemkata koo. Sasa alikuwa akijaribu kumchuna ngozi kuanzia mkiani, kwa kisu cha marehemu mumewe cha kupogolea mibuni, na ngozi ilikuwa ikitoka vipande vipande pamoja na magamba na nyama. Alikuwa ametokwa jasho. Nilimuuliza anafanya nini.

"Naitafuta nyongo," alisema. "Mnyama huyu amejengwa vibaya."

Alikuwa ameshaipasua bila kujua. Nyama ya tumboni ilikuwa imegeuka kijani. Tulipomtupia mbwa, alinusa na kurudi kulala.

Alimfukia chini ya mgomba, na juma lililofuata akaenda Himo tena. Ikawa hivyo kila soko. Hakuniambia sababu na mimi sikuuliza, kwa kuwa nilishajua. Alijifunza kuparua magamba kuanzia mkiani kwenda kichwani badala ya kuchuna. Alijifunza kupasua tumbo kwa ncha ya kisu bila kuzamisha, na kuingiza vidole viwili kukusanya matumbo yote kwa pamoja, nyongo ikiwa salama. Aling'oa mashavu kwa kuyakunja kidoleni. Haya yote aliyafanya peke yake nyuma ya banda, ameipa njia mgongo, na akimaliza alinawa kwa majivu mpaka mikono ikapauka. Hakuonja. Samaki walienda kwa paka, na paka wa vihamba vyote vya jirani wakahamia kwetu.

Ndipo Jumapili moja, tukitoka kanisani, jirani yetu Anyesi alimsogelea mama mkwe wangu mbele ya wanawake wote. Anyesi alikuwa mtu wa kuchekesha watu kwa mambo ya wenzake. Alinyoosha kidole akabandua kitu kwenye nywele za Lukresia, karibu na sikio, akakiinua juani. Kilikuwa gamba la samaki.

"Mama Wenseslaus," alisema, "siku hizi unavaa vipuli vya kioo?"

Wanawake walicheka. Mmoja akauliza kama ni kweli kwamba kwa Mzee Sirili sasa wanakula nyoka wa maji. Nilikuwa karibu kusema neno ambalo lingemnyamazisha Anyesi kwa mwaka mzima, lakini Lukresia alinitangulia. Alilichukua lile gamba kutoka kwenye kidole cha Anyesi, akalifunga kwenye pindo la kanga kama mtu anayehifadhi kitu chake.

"Mimi sili," alisema. "Namngoja anayekula."

Kicheko kiliisha hapo. Tulipofika kwenye mfereji nilimwambia kwamba kama kazi ile ni ya lazima, basi ifanywe kwa namna isiyoiletea nyumba maneno. Nilimweleza jinsi Masista walivyotupikia samaki: hana kichwa, hana mkia, hana mwiba, mnofu mtupu mweupe kwenye sahani, na mtu akichungulia dirishani hawezi kusema kama ni samaki au ni kuku. Tena kuna mtoto mdogo, nikasema. Mwiba ukimkwama mtoto kwenye nyumba hii, maneno yake hatutayamaliza.

Hilo la mtoto lilimwingia. Jioni ileile alinoa kisu.

Nilimwonyesha nilivyoonyeshwa. Samaki alazwe kwenye jani la mgomba lililoloweshwa, asiteleze. Kisu kipite nyuma ya pezi la shavuni kukata kwenda chini mpaka kigonge mfupa, kisha kigeuzwe kilale, kitembee juu ya uti wa mgongo kuelekea mkiani, kikisikiliza mfupa njia nzima. Mnofu unainuka wenyewe kama kifuniko. Unamgeuza, unarudia upande wa pili. Halafu mbavu ndogo zinatolewa kwa kisu kilicholala, na kwenye mstari wa katikati unapitisha kidole kutafuta miiba iliyobaki. Mkono wangu ulikuwa wa darasani, ukamaliza minofu kwa kuikatakata. Wake ulikuwa mkono wa kumenya ndizi. Baada ya masoko machache alikuwa akitoa minofu miwili mizima, laini, bila tundu, na uti wa mgongo ukabaki na kichwa na mkia kama kitana. Mabaki hayo aliyafukia chini ya migomba, mbali na mfereji, maana maji yale yananywewa na walio chini.

Akanunua na sufuria mpya ya kupikia samaki tu. Aliipenda, akaitundika juu ya moto, haikuguswa na kitu kingine. Chungu kilibaki kwa kuku.

Kupitia Margareta alituma salamu bwawani kwamba mama anapika samaki. Margareta alirudi akasema Emilian ameitikia kwa kichwa tu, na Theopista amesema, "Mwambie mama mkwe wangu nimesikia." Hakukuwa na neno la zaidi. Lukresia aliliwaza jibu hilo kwa siku nyingi. Alinitaka nimwambie, mimi niliyesoma, kama "nimesikia" ni neno zuri au baya. Nilimwambia inategemea uso wa aliyelisema.

Krismasi ya mwaka huo alitengeneza minofu tangu asubuhi, akaifunika, akateremka barabarani kungoja mabasi ya Himo. Aliyangoja mpaka la mwisho. Krismasi iliyofuata hivyohivyo. Mwaka wa njaa, tulipokuwa tukipanga foleni kwa ajili ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, hata huo hakuacha. Aliuza kuku wawili akanunua perege mdogo kuliko wote sokoni. Mimi nilikula minofu ile kila mara, mezani kwake, yeye akinitazama ninavyotafuna. Aliniuliza kama kuna mwiba. Nilisema hakuna. Alisema, "Basi wangekula vizuri."

Wakati wa Kwaresma ya mwaka 1975 Margareta alileta habari kwamba watakuja. Watakuja siku ya Ijumaa, watalala, Jumapili wataondoka. Lukresia alifagia uwanja mpaka udongo ukawa na mistari kama shamba. Kilichomsumbua ni kwamba Ijumaa ya Kwaresma huwezi kuchinja, na mtoto anayerudi nyumbani hapokelewi bila damu ya mbuzi. Nilimwambia Mungu mwenyewe amechagua siku ya samaki. Hilo lilimfurahisha, akalirudia kwa ng'ombe.

Walifika alasiri. Emilian alikuwa amekonda na nywele zimeanza mvi. Theopista alipiga goti kumwamkia mama mkwe wake, akapokewa, lakini sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. Mtoto, Lukresia mdogo, alijificha nyuma ya gauni la mama yake akimtazama bibi aliye na jina lake. Bibi hakumvuta. Alimpa ndizi mbivu kwa mbali, kama unavyompa ndama, na mtoto akaja mwenyewe.

Chakula kilipoletwa, sote tulikuwa ndani: Emilian, mke wake, mtoto, Lukresia na mimi. Minofu ilikuwa mizuri kuliko yote aliyowahi kuitoa. Aliipanga kwenye sahani bora ya nyumba, ile yenye maua, akaiweka mbele ya Theopista. Emilian alisali. Baada ya sala Theopista aliitazama sahani, akainua macho akaitazama sufuria mpya iliyokuwa pembeni ya mafiga. Nikaona kwamba ameshaelewa kwamba ni sufuria iliyotengwa kwa ajili ya samaki wake. Hakunyoosha mkono.

"Mama," alisema taratibu, "kichwa kiko wapi?"

Lukresia alisema kiko nje, nyuma ya banda, kinangoja kufukiwa.

"Kwetu mgeni akipewa samaki asiye na kichwa, anajua amepewa masazo ya watu."

Emilian aliweka chini kijiko chake. Nilikuwa na mengi ya kusema, juu ya Masista, na mwiba, na mtoto, na miaka ile yote nyuma ya banda. Lakini lilikuwa jambo la mama mwenye nyumba na mkwewe, nikawaachia. Lukresia alikuwa amekaa wima kwenye kigoda. Niliona anamtazama mwanawe, halafu mlango, kama mtu anayepima ni mbali kiasi gani.

"Mwanangu," alimjibu Theopista, "kwetu kichwa kinaliwa na waliochinja, hukohuko migombani. Mwanamke akiletewa kichwa mezani, ametukanwa. Ningekupaje kichwa?"

Theopista alilifikiria neno hilo. Aliitazama tena minofu, akaibonyeza kwa kidole kwenye mstari wa katikati, pale miiba inapokaa, akaona haipo. Akaigeuza upande wa pili, akabonyeza tena. Yeye ni mtoto wa wavuvi. Alijua ile ni kazi ya nani na ya muda gani.

"Huyu nani amemchinja?" akauliza.

"Mimi."

"Basi kichwa ni chako, mama. Mbona hujakila?"

Lukresia alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mazishi ya mume wangu, na mtoto alishtuka, kisha naye akacheka bila kujua sababu. Theopista alisimama, akasema twende tukakitafute kabla paka hawajatutangulia. Tulitoka wote. Vichwa vilikuwapo kwenye jani la mgomba pamoja na mifupa ya mgongo, na paka watatu wamekaa kwa heshima wakingoja. Theopista alivipasua katikati, akavisuuza, akasema sasa anahitaji chungu, kwa sababu kichwa kikipikwa kwenye bati mchuzi wake hautulii.

Lukresia alikwenda kwenye banda la kuku. Aliyamwaga maji ya chungu, akakileta amekikumbatia, kimemeguka kidogo mdomoni. Alikisugua kwa mchanga, akakisugua kwa majivu, akakimwagia maji ya moto, akakisugua tena, na Theopista hakumsaidia wala hakumwambia inatosha. Alimwacha mpaka aliporidhika mwenyewe. Ndipo akakipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya mafiga.

Walikula giza likiingia. Kichwa kimoja kilichokuwa kikubwa Theopista alimpakulia mama mkwe wake. Lukresia alikitazama jicho kwa jicho. Alikunywa mchuzi, taratibu, kama dawa, akafika nusu ya bakuli. Halafu akakinyanyua kichwa chenyewe akakiweka kwenye sahani ya Theopista.

"Aliyechinja ndiye anayegawa," alisema.

Theopista alikila kichwa kile chote, akinyonya mifupa bila haraka, na Emilian alikaa akiwatazama wale wanawake wawili huku chakula chake kikipoa.

Siku iliyofuata Emilian alimwambia mama yake kilichomleta. Alikuwa amehamishiwa Mwanza. Perege wa bwawani walikuwa wamepungua, wavuvi wanaondoka, na idara imempa kazi ziwani, karibu na kwa kina mke wake. Alisema atarudi akistaafu, aje akae kihambani. Alisema kwa kweli, si kwa kumpumbaza. Mama yake alimuuliza kama Mwanza kuna baridi. Akasema hakuna. Akamuuliza kama kuna migomba. Akasema iko, lakini si kama hii.

Jumapili baada ya misa tuliwasindikiza barabarani. Anyesi alikuwapo, akamsalimia Theopista kwa adabu na kumsifia mtoto. Basi lilipoondoka Lukresia hakupunga mkono. Alisimama mpaka vumbi lilipotua, akageuka, tukapanda.

Jioni nilipokwenda kumtazama nilimkuta amekaa mbele ya moto. Sufuria mpya ilikuwa imetundikwa ukutani. Juu ya mafiga kilikuwako chungu, na ndani yake ndizi na maharage. Alikuwa amemenya chache. Alinipakulia kidogo. Kiburu kile kilinuka samaki wazi kabisa, maana udongo hausahau, na mimi nilikula tonge moja nikasema nimeshiba. Yeye alikula chote alichojiwekea, bila kukunja uso, akakomba sahani kwa kidole.

Hakukirudisha chungu kwa kuku. Alikipikia kila siku tangu hapo, na kwa miezi kadhaa chakula chake kilikuwa na harufu ile, kisha ikafifia, kisha ikaisha. Nadhani hakufurahi ilipoisha. Siku moja nilimsikia akimwambia ng'ombe kwamba sasa ndizi zimerudi kuwa ndizi tu.

Walikuwa hawajarudi tena vita vilipokuja, halafu mafuta yakakosekana, mabasi yakawa ya kusubiri kwa siku nyingi, na Mwanza ikawa mbali kuliko ilivyokuwa. Salamu zilifika kwa watu. Hakwenda tena Himo kununua samaki. Alisema anayekula ameshakula. Lakini njia ya kutoka barabarani aliendelea kuitazama kila jioni, ameketi mlangoni, na nilipomuuliza anamngoja nani alisema hamngoji mtu, ni macho tu yamezoea.

Alifariki mwaka 1983, wakati wa masika, akiwa amelala, moto ukiwa bado na kaa. Mimi ndiye niliyemkuta asubuhi. Kwenye pindo la kanga yake ya kanisani nilikuta kifundo kidogo, nikakifungua. Lilikuwamo gamba moja la perege, limekauka, jepesi kama ukucha wa mtoto. Nililifunga tena nikamvika kanga hiyo.

Emilian na Theopista walifika siku mbili baada ya mazishi, kwa lori la pamba na kisha kwa miguu kutoka Himo, na Lukresia mdogo, aliyekuwa amekuwa msichana, alikuwa nao. Theopista aliingia jikoni kabla hajakaa. Alikitafuta chungu, akakikuta juu ya mafiga, na ndani yake kiburu cha mwisho, nilichokuwa nikikipasha kila siku kisiharibike, kimeganda. Alikipasha moto, akawagawia mumewe na mtoto wake, akajipakulia na yeye, wakala.

Hayo ndiyo mambo yalivyokuwa. Mwanawe alikuja, na mke wa mwanawe alikula kwenye chungu chake, mara mbili.